Radiografa Mwandamizi wa Tiba ya Mionzi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa radiografa anayekaribia kupandishwa cheo, wa aliyepandishwa juzi na leo amekabidhiwa mashine, na wa mwanafunzi anayetaka kuijua kazi kabla ya kuichagua. Pale ambapo kiwango hutofautiana kati ya idara na idara, taratibu zilizoandikwa za idara yako ndizo za kufuata.

Radiografa wa tiba ana tofauti gani na yule wa picha?

Wa picha hutumia mionzi kuutafuta ugonjwa, wa tiba huitumia kuuua. Skani ya CT ya tumbo humpa mgonjwa miligrei kumi au ishirini hivi (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Mgonjwa wa saratani ya koo anayetibiwa hadi mwisho hupokea grei 70, yaani miligrei 70,000, kwa siku 35 za tiba ndani ya wiki saba. Kwa kipimo kama hicho, kukosea milimita chache kila siku ni kuacha sehemu ya uvimbe bila dawa au kuunguza kiungo chenye afya kilicho jirani.

Neno "mwandamizi" linaongeza nini?

Linaongeza mamlaka ya kusema "simama", na wajibu wa kulisema. Mengine yote yanafuata hapo. Mwandamizi huongoza timu ya watu wawili hadi wanne kwenye mashine moja, hupanga orodha ya siku, huamua kama picha ya kuhakiki mkao wa mgonjwa inakubalika, hupitia mafaili ya wagonjwa kila wiki, hufundisha, na ndiye anayempigia simu mfizikia au daktari pale jambo lisipokaa sawa.

Kuna mipaka pia. Mwandamizi habadilishi dozi wala idadi ya siku, wala haongezi au kupunguza eneo la mionzi kwa kuwa ameona "ni afadhali". Hayo ni ya daktari bingwa wa saratani na mfizikia, na mabadiliko yake huwekwa kwenye mfumo yakiwa yamesainiwa. Agizo la kwenye simu linaweza kuzuia tiba, lakini haliwezi kuibadilisha.

Mashine hukaguliwaje asubuhi?

Linaki, yaani mashine ya kuharakisha elektroni, huwashwa na kupashwa moto kwanza, na ukaguzi hufuata kabla ya mgonjwa wa kwanza. Tenga kati ya dakika 30 na 45. Kamera zote zioneshe picha na spika isikike pande zote mbili. Taa ya onyo iliyo juu ya mlango iwake mionzi inapotoka. Mlango ukifunguliwa mionzi ikiwa inatoka, mionzi ikatike papo hapo: hili hujaribiwa kwa vitendo, halikisiwi. Leza zikutane kwenye isosenta, nukta ambayo mashine nzima huizunguka, ndani ya milimita 1.5 hadi 2 kwa tiba za kawaida na ndani ya milimita 1 kwa mashine inayotumika kwa tiba ya vilenga vidogo vya ubongo. Kipimo cha umbali kisipishane zaidi ya milimita 2. Mwisho hupimwa nguvu ya mionzi, nayo isitoke nje ya asilimia 3 kutoka kwenye kiwango kilichowekwa na mfizikia.

Hapo kwenye nguvu ya mionzi ndipo wengi hujikwaa. Vipimio vingi vina chumba chenye hewa iliyo wazi, na hewa ikipata joto hutanuka, kwa hiyo inayobaki ndani ya kipimio hupungua na namba hushuka. Kila nyuzi 3 za Selsiasi huondoa takriban asilimia 1. Kama kiyoyozi kilizima usiku na chumba kimepanda nyuzi 6, utasoma pungufu ya asilimia 2 wakati mashine haina tatizo lolote. Shinikizo la hewa nalo lina mchango wake, kila hektopaskali 10 ni karibu asilimia 1. Ingiza joto na shinikizo la leo, si la jana, kisha pima upya.

Namba ikiendelea kuwa nje ya asilimia 3 baada ya kurudia mara moja ukiwa na uhakika kipimio kimekaa sawa, usimtibu mtu. Mwite mfizikia. Na usisubiri ivuke mpaka ndipo uone: mashine iliyosoma asilimia 0.5, kisha 1, 1.4, 1.9 kwa siku zinazofuatana bado iko ndani ya kiwango, lakini inakwenda mahali. Msaidizi anaangalia namba ya leo. Mwandamizi anaangalia mstari wa wiki nzima.

Namhakikishaje mgonjwa kuwa ndiye mwenyewe?

Mwambie akutajie yeye, usimtajie wewe. "Mama, tuambie majina yako kamili na tarehe uliyozaliwa." Ukisema "Wewe ndiye fulani?", mgonjwa mwenye maumivu, mwenye hofu au asiyesikia vizuri ataitikia ndiyo kwa jina lolote. Tumia vitambulisho vitatu: majina, tarehe ya kuzaliwa, na namba ya hospitali au anwani, halafu linganisha na picha ya uso iliyo kwenye mfumo. Kisha muulize anatibiwa sehemu gani ya mwili. Anayejibu "titi la kushoto" wakati skrini inasema kulia amekuokoa wewe na amejiokoa mwenyewe.

Wenye majina yanayofanana wawekewe alama kwenye mfumo, na wasipangwe wakifuatana.

Hatua za kumlaza mgonjwa kwenye kitanda ni zipi?

Watu wawili, daima. Mmoja husoma kutoka kwenye skrini kwa sauti, mwingine hufanya na kurudia alichosikia. Vifaa vya kumshikilia mgonjwa hufungwa kwanza kwenye kitanda kwa namba zilizoandikwa siku ya skani ya kupangia tiba: ubao wa kifua, mto wa magoti, kishikio cha miguu. Mto wa magoti ukisogea nafasi moja tu, nyonga huinama na kila kilichomo ndani ya fupanyonga hubadilika mahali.

Mgonjwa akishalala, tazama kwanza kama amenyooka ukiwa umesimama upande wa miguu. Linganisha leza na nukta za tatuu za ubavuni kwanza ili kuondoa kuviringika kwa mwili, ndipo uende kwenye nukta ya mbele. Usivute ngozi ili nukta ifike kwenye leza. Ngozi itafika lakini mfupa na uvimbe vitabaki pale pale, na ukiiachia inarudi. Sogeza mwili wote kwa shuka. Kwa mtu mwenye madoadoa mengi mwilini, hakikisha kwa picha zilizopigwa siku ya skani kwamba unatumia tatuu na si doa la kuzaliwa.

Baada ya hapo kitanda husogezwa kutoka kwenye nukta za ngozi hadi isosenta kwa kadiri mpango unavyoagiza, kwa mfano sentimita 3.0 kushoto na 1.5 juu. Kosa la zamani kuliko yote kwenye kazi hii liko hapa: kushoto kwa nani? Mgonjwa aliyelala chali, kichwa kikiwa kwenye gantri (mkono wa mashine unaozunguka), kushoto kwake si kushoto kwako unayemtazama kutoka miguuni? Simama ujaribu, utaona sivyo: kushoto kwake ni kulia kwako. Sasa mlaze kifudifudi, au miguu itangulie, na kila kitu kinageuka. Ndiyo maana husemwa "kushoto kwa mgonjwa", na anayesogeza hunyoosha mkono kuonesha upande kabla ya kugusa kitufe.

Malizia kwa kusoma umbali kutoka kwenye chanzo cha mionzi hadi kwenye ngozi. Ukipishana na wa kwenye mpango kwa sentimita 1 au zaidi, ama kitanda kiko kimo kisicho sahihi, ama mgonjwa amekonda au amevimba. Jibu hilo litafutwe kabla mlango haujafungwa.

Barakoa ya kichwa hutengenezwaje, na kwa nini nyingine hukataa siku ya kwanza?

Barakoa ni bamba la plastiki lenye matundu ambalo hulainika kwa joto na kukakamaa likipoa. Hulowekwa kwenye beseni la maji ya nyuzi 65 hadi 75 kwa dakika chache hadi lilegee sawasawa, kisha hukung'utwa na kugusishwa taulo kavu. Usiruke hatua ya taulo: tone la maji ya nyuzi 70 kwenye kope linaunguza. Jaribu joto kwa ndani ya kifundo cha mkono wako.

Watu wawili hulishusha kwa mwendo mmoja, kila mtu upande wake, na kulibana kwenye fremu. Una dakika moja au mbili tu za kuliumba. Vidole vifuate vilima vya uso: mzizi wa pua, kidevu, mifupa ya mashavu, paji. Hayo ndiyo maeneo yanayomzuia mtu asigeuke. Bamba likiachwa majini muda mrefu mno huvutika likawa jembamba, na barakoa nyembamba hupinda. Liache likae usoni kwa dakika 10 bila kuguswa, maana linapopoa hujikunja kidogo. Ukiliondoa mapema litamalizia kujikunja likiwa kabatini, na kesho halitaingia.

Zaidi ya hapo, sababu za barakoa kukataa ni za kawaida sana. Mgonjwa alikuwa na nywele nene au amesuka siku ya kuumba, kisha akanyoa. Alikuwa na ndevu. Mto wa shingo uliotumika ni B, na leo amewekewa C. Amekula dawa za steroidi na uso umejaa. Au kinyume chake: wiki ya nne ya mionzi ya koo hawezi kumeza, amepungua kilo kadhaa, na sasa unaweza kupitisha kidole kati ya shavu na plastiki. Nafasi ya milimita 5 au zaidi si ya kuzibwa kwa sponji. Mpeleke kwa mfizikia na daktari, huenda akahitaji skani mpya, barakoa mpya na mpango mpya.

Mwenye hofu ya kufungiwa asilazimishwe. Mwoneshe barakoa, aishike, alale nayo dakika moja bila kufungwa, na kubalianeni ishara ya mkono ya kuomba kutolewa. Ahadi ya kwamba ukiinua mkono tutaingia itimizwe papo hapo, tangu mara ya kwanza anapoinua.

Picha ya kuhakiki ikionesha mpishano, nisogeze kitanda au nimuinue mgonjwa?

Inategemea aina ya mpishano. Picha nzima ikihama kwa milimita chache bila kuzunguka, sogeza kitanda ukiwa nje ya chumba, piga tena kama utaratibu unataka, endelea. Mwili ukiwa umepinda au kidevu kimeinuka, kitanda hakiwezi kukunyooshea mgonjwa: ingia umlaze upya. Ukiona umehitaji kusogeza zaidi ya sentimita 1, usisogeze kwanza. Jiulize kwa nini. Mara nyingi jibu ni kifaa kisicho sahihi, tatuu isiyo sahihi, au mgonjwa asiye sahihi.

Linganisha mifupa kwanza, kisha tishu laini. Kwenye tezi dume mifupa inaweza kukaa vizuri kabisa huku tezi yenyewe imesogea milimita 7 kwa sababu ya gesi, ndiyo maana wengine huwekewa punje tatu za dhahabu ndani yake ili tezi ionekane kwenye picha. Na usishangae mpishano wa siku moja kama unavyoshangaa mpishano mdogo unaojirudia upande ule ule. Wa kubahatisha hujifuta kwa siku 20. Wa milimita 4 kila siku kwenda juu huhamisha tiba nzima. Kwa idara zisizopiga picha kila siku, chukua wastani wa siku tatu za kwanza, urekebishe chanzo chake.

Kibofu kijae kiasi gani?

Kama kilivyokuwa siku ya skani, basi. Kwa tezi dume na shingo ya kizazi utaratibu wa kawaida ni kwenda haja, kunywa mililita 400 hadi 500 za maji, na kusubiri dakika 30 hadi 45. Kibofu kilichojaa huusukuma utumbo mwembamba juu, mbali na mionzi. Kosa tunalofanya ni kumtaka mgonjwa ajaze kupita uwezo wake siku ya skani, akiwa bado na nguvu. Wiki ya tatu kibofu kimewashwa na mionzi, hawezi tena kuvumilia, na picha haifanani na mpango hadi mwisho.

Puru nalo litazamwe. Likiwa limejaa kinyesi au gesi siku ya skani, kipenyo kikizidi takriban sentimita 4, ni bora kumtoa, ajisaidie, na kuskani tena. Dakika 40 zilizopotea siku hiyo zinarudishwa wiki nzima. Na mashine ikichelewa, nenda mwenyewe kwenye ukumbi wa kusubiri uwaambie wasinywe bado. Mzee aliyekunywa saa moja iliyopita na hajaitwa anateseka bure.

Mionzi ikikatika katikati ya tiba, nifanye nini?

Usianze upya. Hilo ndilo la kwanza. Mashine huhesabu mionzi kwa yuniti za monita, na kwa kawaida yuniti moja imepangwa kuwa sehemu moja ya mia ya grei kwenye vipimo rejea. Andika kwa mkono, hapo hapo, uga upi (eneo linalopigwa mionzi) ulikuwa unaendelea na yuniti ngapi zimekwisha kutoka kati ya ngapi. Mashine ina kihesabio cha pili cha akiba, kisome nacho.

Kisha angalia mgonjwa kwenye kamera, zungumza naye, mwambie asitikisike. Hitilafu ikiondoka haraka na hajasogea, endelea na kilichobaki tu. Akiwa ameshuka kitandani, mlaze upya kama mwanzo, piga picha, ndipo umalizie. Mfumo wa kumbukumbu ukishindwa kupokea sehemu iliyotoka, usimalizie hadi mfizikia athibitishe hesabu. Mgonjwa aliyepewa nusu leo anaweza kuongezewa kilichobaki. Aliyepewa moja na nusu hawezi kupunguziwa.

Umeme ukikatika kabisa mionzi ya linaki hukoma yenyewe. Ingia na tochi, shusha kitanda kwa njia ya mkono, mfungue barakoa kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa mashine ya kobalti mambo ni yale yale?

Kwenye kuhakiki na kulaza, ndiyo. Kwenye dharura, hapana. Kobalti-60 ni chanzo kinachotoa mionzi wakati wote, haizimwi: hutoka kwenye ngome yake na kurudi. Ikikwama nje, kitufe cha dharura kinaweza kisiirudishe. Mtoe mgonjwa kwanza, ukipita pembeni bila kukatiza njia ya mionzi, funga mlango, ndipo fimbo ya kusukumia na taratibu nyingine zifuate kwa waliofunzwa. Zoezi hili lifanywe kwa saa mkononi, timu nzima, si kusomwa ukutani.

Nusu uhai wake ni miaka 5.27, hivyo chanzo hupoteza karibu asilimia 1 kila mwezi na muda wa tiba hurefushwa kulingana. Jedwali la mwezi uliopita likibaki mezani, wagonjwa wanapungukiwa kimyakimya. Kwa tiba ya ndani, ambapo chanzo huingizwa mwilini mwa mgonjwa, iridi-192 hupungua nusu kwa siku 74 hivi. Humo ndani ya chumba kuwe na chungu chenye kinga na koleo ndefu, na kila baada ya tiba mgonjwa apimwe kwa kipima mionzi kabla hajaondoka, hata kama skrini inasema chanzo kimerudi.

Mgonjwa akikosa siku kuna ubaya gani?

Kwa saratani za koo, kinywa na shingo ya kizazi ubaya ni mkubwa, maana seli za uvimbe huongeza kasi ya kuzaliana tiba ikiendelea. Kwa saratani za kichwa na shingo, kila siku inayoongezeka hukadiriwa kupunguza udhibiti wa uvimbe kwa asilimia 1 hadi 2. Wagonjwa hawa wasicheleweshwe zaidi ya siku mbili kwa jumla. Njia za kufidia ni kutibu Jumamosi, au mara mbili kwa siku kukiwa na angalau saa 6 katikati ili tishu zenye afya zijitengeneze. Kwa mashine iliyoharibika, mwandamizi ndiye anayeamua nani ahamishiwe mashine nyingine kwanza: hawa watangulie, anayetibiwa maumivu ya mfupa anaweza kungoja kesho kama maumivu yanadhibitiwa.

Mgonjwa akikosa, mpigie simu siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni nauli, kutapika, au mtu aliyemwambia mionzi inaua. Na neno lenyewe "kuchomwa mionzi" linatisha. Mweleze siku ya kwanza kwamba hatahisi moto wala sindano.

Akiletwa mgonjwa ambaye miguu imeanza kufa ganzi?

Uvimbe ukikandamiza ugwe mgongo, saa zinahesabika. Lenga kuanza ndani ya saa 24. Dozi ya kawaida ni grei 8 mara moja au grei 20 kwa mara tano. Apewe dawa ya maumivu nusu saa kabla, ahamishwe kwa kuviringishwa mwili mzima kwa pamoja na watu wanne, na asikae.

Kosa linalonyemelea hapa ni kuhesabu pingili. Ripoti inasema pingili ya 10 ya kifua, lakini kwenye picha fupi ya mgongo hakuna pa kuanzia kuhesabu, na watu wengine wana pingili sita za kiuno badala ya tano. Hesabu kutoka juu, hesabu kutoka chini, na mtu mwingine ahesabu peke yake. Mwambie pia mgonjwa kwamba maumivu yanaweza kupanda siku moja au mbili kabla ya kushuka.

Ngozi ikiharibika tufanyeje?

Mabadiliko huanza wiki ya pili au ya tatu na kufika kileleni wiki moja au mbili baada ya tiba kwisha, kwa hiyo anayeaga akiwa na ngozi nzuri aambiwe yanayokuja. Vitabu vinasema "tafuta wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani, na wengi hupuuzwa kwa sababu hiyo. Tafuta kuzidi kuwa nyeusi, kung'aa na kukaza, na uliza kama kunawaka au kunawasha. Kagua mikunjo: chini ya titi, kwapani, kwenye kinena. Aoge kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, akaushe kwa kugusisha. Ngozi ikichubuka na kutoa maji, muuguzi na daktari waione siku hiyo.

Kuna wagonjwa wa kusimamisha kabla ya kuanza?

Mwenye kifaa cha moyo: kisiwe ndani ya uga, dozi yake ibaki chini ya grei 2, na nishati inayozidi MV (megavolti) 10 iepukwe kwa sababu ya nyutroni. Mwanamke anayeweza kuwa na mimba: aulizwe faraghani, si mbele ya mume wala mama mkwe. Aliyewahi kupigwa mionzi sehemu ile ile: rekodi za zamani zipatikane kwanza.

Mgonjwa hurudi nyumbani na mionzi mwilini? Na sisi je?

Kwa mionzi ya kutoka nje, hapana. Anaweza kumpakata mjukuu jioni hiyo hiyo. Mfanyakazi kikomo chake ni milisiveti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, bila kuvuka 50 katika mwaka wowote, na kwenye chumba kilichojengwa vizuri usomaji wa beji ya kupima mionzi huwa mdogo sana. Radiografa mjamzito atoe taarifa mapema ili mtoto aliye tumboni asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa muda uliobaki. Kinachotuumiza zaidi ni mgongo, kwa kuinua watu bila shuka la kutelezea.

Makosa makubwa hutokea wapi?

Kwenye namba ndogo ambayo hakuna aliyeihakiki. San José, Kosta Rika, mwaka 1996, chanzo kipya cha kobalti kilipopimwa, muda wa dakika 0.3 ulichukuliwa kuwa sekunde 30. Dakika 0.3 ni sekunde 18. Nguvu ya chanzo ikaonekana ndogo kuliko ilivyo, muda wa kila tiba ukarefushwa, na wagonjwa 115 wakapewa kupita kiasi kabla halijagundulika. Panama, mwaka 2000 na 2001, wagonjwa 28 walizidishiwa kutokana na namna vizuizi vya risasi vilivyoingizwa kwenye kompyuta ya mipango. Hesabu ya pili kwa mkono ingeonesha kwamba muda ulikuwa mrefu mno.

Kwa hiyo zoea ukubwa wa namba. Uga wa kawaida wa grei 2 una yuniti mia kadhaa, si elfu sita. Mgonjwa anayeungua wiki ya kwanza hakuwa "na ngozi dhaifu" hadi ithibitishwe. Na kosa dogo ambalo halikumfikia mgonjwa liandikwe siku hiyo, likieleza kilichotokea na kilicholizuia. Mwandamizi anayefoka akiletewa taarifa hataletewa ya pili.

Nimsimamieje mwanafunzi?

Mwache akulaze wewe kwanza, na barakoa. Baada ya hapo hatajisahau tena. Mpe kazi moja kwa wiki hadi aimudu, na mfundishe kusema "sina uhakika" kwa sauti mbele ya mgonjwa. Usimwache peke yake kwenye kitufe cha kuwashia mionzi.

Nahitaji nini ili nifike cheo hiki?

Shahada ya tiba ya mionzi, kwa kawaida miaka mitatu au minne, usajili wa taaluma, na miaka kadhaa kwenye linaki, chumba cha skani na tiba ya ndani. Kwenye usaili wataulizia matukio: picha iliyopishana sentimita 1.2, mgonjwa aliyekataa barakoa, daktari anayesema "tibu tu". Jibu la hilo la mwisho ni kumwomba asaini kwenye mfumo, na kutotibu hadi asaini.

Mwisho wa siku mashine hukabidhiwaje?

Orodha ya waliotibiwa ilinganishwe na orodha ya waliopangwa, jina kwa jina. Aliyebaki aandikwe sababu na aliyempigia simu. Hitilafu zote ziwe kwenye daftari la mashine pamoja na saa na msimbo wa kosa. Halafu ingia chumbani kwa miguu, tazama nyuma ya gantri na chini ya kitanda, tamka kwa sauti kwamba hakuna mtu, ndipo ufunge.